Kuhamia na Kuishi Ghorofa ya Nne Bila Lifti: Mwongozo Kamili, Kuanzia kwa Dalali Mpaka Mtungi wa Gesi

Kila mwisho wa mwezi natumiwa picha ileile. Kochi limebana kwenye kona ya ngazi, vijana wawili wamekaa juu yake wanafuta jasho, na chini ya picha pameandikwa: "Tufanyeje sasa?" Wiki mbili baadaye mtu yuleyule ananipigia kuhusu maji. Mwezi wa pili ni gesi.

Nimekaa ghorofa ya nne jijini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, ngazi moja, lifti hakuna. Makosa yote nitakayoyataja hapa nimeyafanya au nimeyashuhudia. Yanafanana kwa jambo moja: mtu anaanza kufikiri akiwa tayari yuko juu, wakati uamuzi ulitakiwa ufanyike chini, kabla mguu haujagusa ngazi.

Mwongozo huu ni wa fleti za Kariakoo, Upanga, Ilala, za Michenzani kule Zanzibar, na jengo lolote ambalo lifti haikuwekwa, au iliwekwa na sasa ni stoo ya mafagio.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Futikamba ya mita 5, kalamu na karatasi
- Dumu la lita 20 lenye mfuniko usiovuja
- Maboksi makubwa mawili au matatu ya kukata
- Kamba ya nailoni nene kama kidole gumba, mita 20
- Mikanda miwili mipana ya kubebea mizigo, au kanga nne kuukuu zilizosokotwa
- Spana, bisibisi, na mifuko midogo ya kuwekea skrubu
- Mapipa mawili ya maji ya lita 120 na madumu 10
- Kapu imara lenye mikono miwili
- Taa ya kuchaji ya kuvaa kichwani
- Ndoo ya taka ya lita 10 yenye mfuniko
- Kiti kimoja cha mbao chenye mikono, kisichocheza

Hicho kiti usikiruke. Utajua kazi yake mwishoni.

## Hatua ya 1: Panda na dumu kabla hujalipa

Dalali akikwambia "ghorofa ya tatu", muulize anahesabu kuanzia wapi. Wengine wanahesabu ile ya chini kuwa ya kwanza, wengine wanaanza juu yake. Tofauti hiyo ni ngazi kama 18 kila unapopanda, kila siku, kwa muda wote uliolipia kodi. Na unajua mwenyewe, kodi yetu hulipwa ya miezi sita au mwaka mzima mkupuo mmoja.

Kwa hiyo usiende kuangalia nyumba mikono mitupu. Nenda na dumu, lijaze bombani kwenye jengo hilohilo, kisha panda nalo mpaka mlangoni. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo umebeba kilo 20 na zaidi kidogo. Dalali atacheka. Mwache acheke, yeye harudi hapo kesho.

Ukipanda, hesabu ngazi kwa sauti. Angalia kama kimo cha kila ngazi ni sawa. Ngazi nyingi zina kimo cha sentimita 15 hadi 18, na mguu huzoea kimo hicho baada ya hatua tatu nne. Ikitokea moja fundi aliikosea, ikawa ndefu kuliko wenzake, hiyo ndiyo itakayokuangusha siku ya giza. Shika reli na uitikise. Angalia kama kuna taa ya ngazini na nani anailipia.

Nenda mara mbili: saa nane mchana, kisha saa mbili usiku. Mchana unapima joto. Kama juu yako hakuna nyumba nyingine, ile zege ya paa inakunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku wakati unataka kulala. Kati ya Desemba na Machi utaielewa vizuri. Uliza madirisha yanapokea upepo gani, kaskazi au kusi, na kama jengo la jirani limeuziba. Tazama dari pia: madoa ya kahawia yenye kingo kama ramani ni mvua ya masika iliyopita.

Usiku unapima maji, giza na kelele. Gonga mlango wa jirani, msalimie, kisha uliza swali moja tu: "Maji yanatoka saa ngapi?" Jibu la jirani lina thamani kuliko maelezo yote ya dalali.

Dalili kwamba nyumba inakufaa: umefika juu na dumu, umepumzika mara moja tu, na baada ya dakika tano unaweza kuongea sentensi ndefu bila kukata pumzi. Kama umepumzika kila ghorofa na una mtoto wa kubeba mgongoni, tafuta ya chini yake hata ikizidi bei kidogo.

Kabla ya kusaini, iandikwe kwenye mkataba nani anatengeneza pampu ya maji ikifa, na nani anakaa na ufunguo wa mlango wa paa ambako matangi yapo. Haya mawili yakibaki ya mdomo, utayakumbuka wakati umejipaka sabuni.

## Hatua ya 2: Pima njia

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Watu wanapima sebule, wanaona kochi litaenea, wanalipa. Kochi halianzi sebuleni. Linaanza kwenye geti.

Pima hivi, kwa mpangilio huu, na uandike:

1. Upana wa geti na mlango wa chini.
2. Upana wa ngazi, kutoka ukutani mpaka reli. Pima penye wembamba zaidi.
3. Pale ngazi inapokata kona: urefu na upana wa sakafu ya kona.
4. Kimo kutoka sakafu ya kona hadi zege iliyo juu yake.
5. Upana wa mlango wako, ukiwa umefunguliwa. Pima uwazi wenyewe, usipime fremu kwa fremu, maana unene wa mlango unakula sentimita nne hivi.
6. Korido ya ndani na mlango wa chumba.

Rudia namba 3 na 4 kila ghorofa. Usiamini kwamba kona zote zinafanana. Kwenye jengo langu kona ya ghorofa ya pili ina nguzo iliyotokeza kiasi cha kiganja, na kiganja hicho kimeshinda makochi ya familia tatu ninazozifahamu, mojawapo yangu.

Sasa chukua maboksi. Kata umbo la sehemu ya chini ya kochi lako kwa vipimo vyake halisi, mathalani sentimita 210 kwa 90, uunganishe kwa gundi ya karatasi. Panda nalo. Kwenye kila kona jaribu kuligeuza likiwa limelala. Likigusa kuta zote mbili, kochi halitapita likiwa limelala, kwa hiyo litabidi lisimamishwe kwa ubavu wake mfupi na kuzungushwa wima kama mtu anayegeuka. Hapo ndipo namba 4 inapoingia: kochi likiwa linainuliwa hupimwa pembe kwa pembe, kwa hiyo la sentimita 210 kwa 90 linataka kama 228, na kama zege iko sentimita 230, mna nafasi ya kidole cha mkono tu. Chini ya hapo, acha.

Boksi linakuchukua robo saa. Kochi letu lilituchukua kuanzia saa kumi jioni mpaka baada ya magharibi. Lilibana kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, haliendi juu, halirudi chini. Mama wa ghorofa ya pili akatokea na sufuria ya uji, anampelekea mama yake mzazi anayekaa juu. Nikamwambia, "Shikamoo mama, tunaomba mtuvumilie kidogo." Akaitikia marahaba, akalitazama kochi, akanitazama mimi. "Sasa mwanangu, bibi ale kesho?" Uji ukapita juu ya kochi, mkono kwa mkono, kijana mmoja akiwa amelala kifudifudi juu ya mito ili aufikishe. Kochi lilitoka baada ya kukatwa miguu kwa msumeno.

Tahadhari: godoro la springi halikunjwi. Futi sita kwa sita la springi kwenye ngazi nyembamba ni ugomvi. La sponji unalikunja kama chapati, unalifunga kamba sehemu tatu, na mtu mmoja anapanda nalo.

## Hatua ya 3: Punguza mzigo ukiwa bado chini

Fungua kila kinachofunguka. Kitanda kibaki mbavu, chaga na kichwa. Meza ibaki uso na miguu. Skrubu za kila kitu ziingie kwenye mfuko wake na mfuko ufungwe kwenye kitu chake. Ukiziweka zote kwenye kopo moja, utalala chini siku tatu.

Kama unachongesha samani mpya, mwambie fundi mapema: "Nakaa juu, nataka kabati la bolti." Kabati la gundi na misumari likishakamilika ni jiwe. La bolti linapanda vipande vipande na fundi analifunga chumbani. Akikwambia halitakuwa imara, mtafute mwingine.

Vitabu, vyombo vya udongo na nafaka vijaze maboksi madogo. Boksi kubwa la vitabu halibebeki hata na mtu mwenye misuli, na kitako chake kitaachia kwenye ngazi ya arobaini.

Halafu jiulize kwa ukweli kuhusu vile vitu ambavyo hujavigusa tangu uhamie ulipo. Kinu cha kutwangia ulichorithi, sawa, kina heshima yake. Televisheni ya kichogo isiyowaka inapanda kufanya nini?

## Hatua ya 4: Siku ya kupandisha

### Makubaliano kwanza, mzigo baadaye

Ongea na wabebaji kabla kirikuu haijapakiwa. Wape namba ya ghorofa, idadi ya ngazi uliyohesabu, na orodha ya vitu vizito. Elewaneni bei ya kazi nzima mpaka ndani ya chumba. Ukisema "kupandisha" tu, kuna watakaokuachia friji kwenye korido ya ghorofa ya tatu na kukwambia hapa ni juu.

Anza saa moja na nusu asubuhi. Watoto wameshatoka kwenda shule, jua halijapanda, na mikono ina nguvu. Vizito vipande kwanza. Wengi hufanya kinyume, wanaanza na mito na mapazia ili "wapunguze", na friji linabaki la mwisho wakati vijana wameishiwa.

Mtu wako mmoja akae chini kwenye gari, mwingine akae juu mlangoni. Katikati hapo ngazi itakuwa na watu wengi na vitu vingi, na si kila anayeshuka na boksi ni wako.

### Nani akae wapi

Mrefu na mwenye nguvu anakaa chini, mfupi anakaa juu. Sababu ni mbili. Uzito wa kitu kinachopandishwa humwelemea wa chini, na mrefu akiwa chini mzigo unakaribia kulala sawa badala ya kumporomokea. Anayetoa amri awe mmoja, yule wa juu, kwa kuwa ndiye anayeona kona. Maneno yawe matatu tu: twende, simama, tua.

### Friji

Toa kila kitu ndani, hata zile rafu za kioo. Funga mlango kwa kamba. Libebwe likiwa wima au limeinama kiasi, lisilazwe. Mota iko chini kwa nyuma, kwa hiyo upande wa chini ndio mzito, na huko ndiko anakokaa yule mwenye nguvu. Usishike mkono wa mlango, usishike mabomba ya nyuma. Likifika, liache lisimame saa kadhaa bila umeme ili mafuta ya mota yarudi mahali pake, hasa kama lililala kwenye gari.

Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele inadanganya kwa umbo. Ndani yake nyingi zina tofali la zege la kuizuia isirukeruke. Wape watu watatu.

### Kuvuta kwa kamba kupitia balkoni

Naulizwa hili kila mara, na jibu langu halibadiliki: kochi na kabati, hapana. Reli ya balkoni imewekwa kuzuia mtu asianguke, haikuwekwa kubeba kilo 60 zinazobembea. Upepo ukilishika kochi, litamgeukia mtu au dirisha la jirani. Kama hakuna njia nyingine kabisa, waite wenye kapi na fremu yao ya kazi, chini pafungwe mtu asipite, na mwenye nyumba awe amekubali.

Dalili za mafanikio: kufikia saa tano asubuhi kitanda kimeshafungwa, ukuta wa ngazi hauna mikwaruzo mipya, na majirani wamekusalimia bila kukunja uso. Mikwaruzo ikiwepo, chukua picha na umwambie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Usisubiri akuambie yeye.

## Hatua ya 5: Maji

Anayekaa juu anaishi kwa kufuata ratiba ya maji, apende asipende. Kwanza elewa kwa nini.

Kila mita 10 za kimo hula takriban bar moja ya presha. Ghorofa ya nne iko mita 12 hivi kutoka chini. Maji ya mtaa yakija kwa presha ndogo, yanamfikia wa chini, yanamchungulia wa pili, kwako hayafiki. Usiku wa manane, watu wakilala na bomba zikifungwa, presha hupanda. Ndiyo maana wakazi wengi wa juu wanajua sauti ya bomba lao saa nane usiku kuliko adhana ya alfajiri.

Majengo mengi hutatua hili kwa tangi la chini, pampu, na tangi la juu ya paa. Hapo unaingia mtego wa pili: umeme ukikatika, pampu inasimama, na maji yanakatika saa chache baadaye. Mtu wa juu anapoona taa zimezima anatakiwa awashe akili upande wa maji kabla ya kutafuta mshumaa.

Mtego wa tatu unawashangaza wengi. Tangi liko juu ya kichwa chako, lakini bafu lako linatiririka kama machozi, wakati yule wa chini kabisa anaoga kwa nguvu. Ni kimo tena: yeye ana mita 14 za maji zinazomsukumia, wewe una mbili. Na wa chini wanaolishwa na bomba lilelile la tangi wakifungua zao zote kwa pamoja, kwako inatoka hewa. Hita ya bafuni ya kuwasha papo hapo inaweza isishike kabisa kwa presha hiyo. Tiba ni pampu ndogo ya kuongeza presha, au tangi kunyanyuliwa juu zaidi, kazi ya mwenye nyumba na mhandisi. Au ndoo na kopo. Mimi ni mtu wa kopo.

### Piga hesabu ya akiba

Familia ya watu wanne kwa siku, bila fujo:

- Kuoga, lita 15 kila mmoja: 60
- Choo cha kumwagia: 40
- Kupika na kunywa: 30
- Vyombo na usafi mdogo: 20

Jumla lita 150. Mapipa mawili ya 120 na madumu 10 ya 20 yanakupa lita 440, karibu siku tatu. Ukibana mpaka lita 80 kwa siku, unafika siku tano.

### Yawekwe wapi

Lita 440 ni kilo 440. Usizirundike mahali pamoja, na usiziweke balkoni. Tangi la lita 1,000 kwenye balkoni ni tani moja kwenye zege inayoning'inia. Nimeona watu wakifanya, na nimeona nyufa. Mapipa yakae bafuni au jikoni, yakiegemea ukuta, moja huku moja kule. Madumu yapangwe kwenye mstari kando ya ukuta wa korido.

Ya kunywa yatenge kwa rangi ya dumu na yafunike. Ya mapipa yazungushe: tumia ya zamani, jaza mapya, osha pipa kila mwezi.

### Kazi ya usiku

Weka mpira kutoka bombani mpaka kwenye pipa, kisha fungua bomba kabla ya kulala. Usiku huo wa kwanza usilale usingizi mzito. Nilifanya kosa hilo, maji yakaja saa tisa usiku, yakajaza pipa, yakajaza jikoni, yakashuka kwa jirani kupitia shimo la taa yake. Asubuhi nilibeba sukari kilo mbili na samahani. Fundi bomba anaweza kukufungia boya la kuzuia maji pipa likijaa, lilelile la tangi la choo. Lifunge.

Tahadhari: ukitoka nyumbani maji yakiwa yamekatika, hakikisha kila bomba limefungwa. Bomba kavu halikukumbushi kwamba liko wazi.

Siku maji yakikataa kabisa na ukalazimika kununua kwa dumu, lipa mbebaji afikishe mlangoni. Ukipanda mwenyewe, panda na moja, si mawili. Mawili ni kilo 40 na mikono yote miwili imeshikwa, huna wa kushika reli.

Dalili za mafanikio: umeme umekatika siku nzima, na hakuna aliyekuuliza maji yako wapi.

## Hatua ya 6: Gesi, na maneno machache kuhusu mkaa

Chagua mitungi miwili ya kilo 6 badala ya mmoja wa kilo 15. Chuma cha mtungi nacho kina uzito unaokaribia gesi yake, kwa hiyo wa kilo 15 ukijaa unabeba kilo kama 30. Mdogo anapanda nao mtu mmoja. Na mmoja ukiisha katikati ya wali, wa pili upo. Reguleta, kile kichwa kinachounganisha mpira na mtungi, za saizi hizi mbili mara nyingi haziingiliani, angalia kabla ya kununua.

Mwambie anayeleta: "mpaka mlangoni", kabla hajawasha bodaboda. Mtungi ubebwe wima, usiburuzwe, usibiringishwe kwenye ngazi. Ukifungwa, paka povu la sabuni kwenye kiungo. Povu likivimba, gesi inavuja. Kiberiti si kipimo.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni, inapita chini ya mlango na kushuka ngazini kwa majirani. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua madirisha na mlango, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima.

Mkaa: gunia zima halina haja ya kupanda, nunua kwa kiroba. Na jiko la mkaa lisiwake ndani ya chumba kilichofungwa, hata likiwa limebaki makaa mekundu yasiyotoa moshi. Sumu yake haina harufu na inaua watu waliolala.

## Hatua ya 7: Maisha ya kila siku

Kanuni ni moja: usishuke mikono mitupu, usipande mikono mitupu. Anayekwenda kazini anashuka na taka. Anayerudi anapanda na kitu kimoja cha jikoni. Manunuzi ya mwezi mzima kwa mkupuo ni ya watu wa chini.

Gawa mzigo mikono miwili, au weka begi la mgongoni ili mkono ubaki kwa reli. Kanyaga kwa unyayo mzima. Magoti huumia zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda, kwa hiyo mwenye goti bovu apunguze safari za kushuka: orodha ya vitu iandikwe kabla, isiwe kila dakika ni chumvi, mara nyanya.

Hapo ndipo kapu linapoingia. Muuza mboga akipita asubuhi, anapaza sauti, unachungulia, mnapatana bei. Unashusha kapu na kamba, hela ikiwa ndani ya kikopo. Anaweka mafungu mawili ya mchicha, unavuta taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine. Fanya kwa vitu vya kilo tatu au pungufu. Usimshushie mtoto kazi hii, na usivute kapu kukiwa na mtu amesimama chini yake.

Taka zenye majimaji ziwe na ndoo yake yenye mfuniko. Tanzania Bara mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo ule ujanja wa zamani wa kufunga maganda ya embe kwenye rambo haupo. Tandika gazeti ndani ya ndoo, shuka nayo kila siku. Ikidondoka ngazini, rudi ufute. Majirani wanajua ni ya nani.

Nguo zikamue vizuri kabla ya kuanika balkoni. Anayekaa chini yako naye ameanika.

## Hatua ya 8: Watoto na balkoni

Pima reli. Iwe na kimo cha mita moja au zaidi, na nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 10. Ikizidi, funga wavu imara kwa waya. Ondoa kila kitu kinachoweza kupandwa: kiti, ndoo, lile dumu ulilogeuza kuwa chungu cha mrehani. Mtoto wa miaka miwili anasukuma ndoo kwa dakika moja ukiwa unageuza chapati.

Nondo za madirisha ni nzuri, ila moja iwe ya kufunguka, na ufunguo wake uning'inie ndani, juu, mahali kila mkubwa anapajua.

## Hatua ya 9: Mgonjwa na moto

Sasa kile kiti. Siku mtu akishindwa kutembea, hutambeba mgongoni ngazi 70. Anaketi kwenye kiti, anafungwa kanga kiunoni na mikono yake ndani. Mmoja anashika mgongo wa kiti kwa nyuma na kukiinamisha kidogo kuelekea kwake. Mwingine yuko mbele, chini, ameshika miguu ya mbele ya kiti. Mgonjwa anashuka akitazama anakokwenda, miguu ikitangulia. Wa tatu anatangulia na taa, anataja ngazi: "Tatu zimebaki, mbili, moja, kona." Pumzikeni kila kona. Aliyeanguka na kuumia shingo au mgongo msimsogeze kwa kiti, subirini wataalamu.

Fanyeni mazoezi mara moja, mkimbeba mtu mzima mwenye afya anayecheka. Kama kuna mjamzito ndani ya nyumba, msingoje uchungu uchanganye ndipo mshuke. Namba ya dharura ya wajawazito na watoto wachanga ni 115, bure.

Moto: ngazi ndiyo mlango wenu pekee. Pikipiki iliyoegeshwa chini ya ngazi ni tangi la petroli kwenye mlango huo. Ongeeni kama majirani, iondoke. Moto ukitokea, gusa mlango wako kwa mgongo wa mkono kabla ya kuufungua. Ukiwa wa moto, au ngazi imejaa moshi, usishuke ndani yake. Funga mlango, ziba chini kwa nguo mbichi, nendeni balkoni, pigeni 114, namba ya zimamoto, mtaje mtaa, jengo na ghorofa mliyopo, mkieleza mnahesabu kuanzia chini au juu yake.

Kiti kikae karibu na mlango, na pasiwekwe nguo juu yake.